Mnara wa Dolbadarn na Swali la Mandhari

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akiulizwa kuhusu mandhari, aghalabu hutaja mahali na wakati, kisha huweka kalamu chini. Hebu mwonyeshe mnara huu.

Uko Llanberis, kaskazini mwa Wales. Inaaminika kuwa ulijengwa na Llywelyn ab Iorwerth mapema katika karne ya 13. Ni wa mawe, wa mviringo, na kimo chake ni kama mita 15 tu. Mchoraji J.M.W. Turner alizuru pande hizo mwaka 1798 na 1799, angali kijana. Vita na Ufaransa vilikuwa vimewafungia Waingereza njia ya kwenda Italia, kwa hivyo wachoraji waligeukia magofu ya kwao. Rangi za maji ziliwafaa kwa kuwa hubebeka kwa urahisi na hukauka upesi.

Turner aliujaribu mnara huo kwa rangi za maji kabla ya kuonyesha picha yake ya mafuta katika Royal Academy mwaka 1800. Tazama alivyouweka: juu ya mwamba, umetiwa giza, nyuma yake anga inang'aa, na watu walio chini ni kama sisimizi. Mita 15 zimekuwa mlima!

Picha hiyo iliandamana na beti kuhusu Owain Goch, ambaye inasemekana alifungwa humo. Ukizitegemea hizo peke yake, Owain ni mnyonge aliyepokonywa uhuru. Lakini historia inasema zaidi. Owain aligombea utawala wa Gwynedd na nduguye, Llywelyn ap Gruffudd, akashindwa vitani mwaka 1255, akakaa kifungoni zaidi ya miaka 20 hadi mwaka 1277, baada ya Llywelyn kushindwa na Mfalme Edward I. Huo ulikuwa ugomvi wa ndugu juu ya kiti. Wanaulimbwende walimpenda mfungwa. Mgombea kiti, nadhani, hakuwafaa.

Takriban katika enzi hiyo, bila uhusiano wowote na Turner, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate katika Al-Inkishafi. Kwake gofu huionya nafsi isihadaiwe na dunia. Kwa Turner gofu hulilia uhuru.

Basi darasani, baada ya kuuliza kisa kimetendeka wapi, uliza pia: mahali hapa pamekuzwa kwa sababu gani, na ni nani aliyeachwa nje ya picha?