Lehemu, samaki na wanawake waliosahauliwa

Mwaka 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu Wamasai wa Tanganyika. Walipima wanaume 400. Walipimwa pia wanawake na watoto, lakini hao walikuwa nyongeza tu. Kwa watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, lehemu (kolesteroli) ilikuwa chini na dalili za moyo kuugua zilikuwa haba. Mwaka 1972 timu hiyo ikaeleza uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliofariki: mafuta yalikuwamo kwenye mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Hao nao walikuwa wanaume.

Wakati huo ilikwishajulikana kwamba lehemu haisafiri peke yake. Haiyeyuki kwenye damu, hivyo hubebwa na chembe, na ni chembe hizo zinazojipenyeza kwenye kuta za mishipa. John Gofman wa California alikuwa amezitenganisha kwa mashine ya mzunguko wa kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mzigo uleule wa mpunga wa hapa Bahi, Dodoma, ukipakiwa kwenye baiskeli nyingi badala ya fuso moja, ndipo barabara inaposongamana. Watu wawili wenye kiwango sawa cha lehemu wanaweza kupishana sana kwa idadi ya chembe.

Kwetu Tanzania, chembe zilipata nafasi yake Lugalawa, Ludewa. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Waitaliano uliolinganisha wanavijiji wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, walaji samaki, na wenzao wa milimani, walaji mboga na nafaka. Walaji samaki walikuwa na presha ya chini, lehemu ya chini, na kiasi kidogo cha lipoproteini (a), chembe ambayo Kåre Berg wa Norway aliigundua mwaka 1963 na ambayo mtu huirithi zaidi kuliko kuila. Hapa wanawake walihesabiwa. Mwaka 2002 Marina Njelekela na wenzake wakaandika juu ya unene na mafuta ya damu ya wanawake wa makamo peke yao, wa Dar es Salaam, Handeni na Monduli.

Bahi ina ng'ombe kama Monduli, na maji ya mvua yakijaa bwawani ina perege na kambare, tena mezani upo ugali wa uwele kwa mlenda. Kinachonitia wasiwasi ni chupa ya mafuta ya kupikia: katika ukanda huu wa alizeti, mawese yaliyotoka ng'ambo yanauzwa kwa kupima, na mawese huongeza lehemu mbaya, ile ya chembe zinazojipenyeza kwenye mishipa, kuliko alizeti.

Mwanamke akikoma hedhi, kinga ya homoni hupungua na chembe hizo mbaya huongezeka. Moyo wake unaweza kulalamika kwa uchovu, kichefuchefu au pumzi kukatika bila kifua kumbana sana, na wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Kipimo cha kawaida husoma uzito wa lehemu. Kuzihesabu chembe huhitaji kupima protini iitwayo apo B, moja kwa kila chembe mbaya.