Bampa ya pikipiki

Bampa ya pikipiki (pia: vyuma vya kinga vya injini) ni mabomba ya chuma yaliyopindwa na kufungwa pande mbili za pikipiki, mbele ya miguu ya dereva, ili pikipiki inapoanguka ubavu mabomba hayo yaguse ardhi kabla ya injini, rejeta au tangi la mafuta. Huonekana kwenye pikipiki za polisi, za bodaboda na hasa kwenye pikipiki kubwa za safari, yaani zile zinazotengenezwa kwa ajili ya safari ndefu za lami na vumbi. Makala hii inaeleza zaidi bampa za aina hii ya mwisho na namna zinavyofungwa.

Neno "bampa" limetoka kwenye magari, lakini kazi yake kwenye pikipiki ni tofauti kidogo. Bampa ya gari hungoja kugongana. Bampa ya pikipiki hungoja kuanguka, na mara nyingi ni kuanguka kwa mwendo mdogo sana au hata pikipiki ikiwa imesimama.

Kwa nini inahitajika

Pikipiki za safari ni nzito na ndefu kwa kimo. BMW R 1250 GS Adventure ina uzito wa kilogramu 268 ikiwa na mafuta, Honda Africa Twin CRF1100L ina takriban 226, na hata Yamaha Ténéré 700, inayohesabiwa kuwa nyepesi, inapita 200. Uzito huo ukiinama kupita kiasi kwenye mchanga au tope, mguu wa dereva hauwezi kuuzuia. Hivyo dereva wa pikipiki ya aina hii anayetoka nje ya lami hana budi kutegemea kwamba siku moja itaanguka.

Hasara hutegemea kilichogusa jiwe. Kava za injini hutengenezwa kwa aloi ya alumini, wakati mwingine ya magnesi, ambazo ni nyepesi lakini hupasuka badala ya kubonyea. Ufa wa sentimita mbili kwenye kava unatosha kumwaga oili yote, na injini isiyo na oili haiendeshwi. Rejeta nayo ni laini kama kopo. Pedeli ya gia iliyopinda inaweza kunyooshwa kando ya barabara kwa spana na jiwe. Kava iliyopasuka au rejeta iliyotoboka inaweza kumaliza safari mamia ya kilomita kutoka kwenye duka la vipuri. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya kubeba kilogramu kadhaa za chuma ambazo siku nyingi hazina kazi.

Kuna faida nyingine mbili ambazo hazitajwi sana. Pikipiki yenye bampa hailali chali kabisa bali hubaki imeegemea mabomba, kwa hiyo kuiinua ni rahisi zaidi. Pia nafasi inayobaki chini yake huweza kuuokoa mguu usibanwe.

Historia

Vyuma vya kukinga injini vilikuwepo muda mrefu kwenye pikipiki za polisi na za matembezi, hasa nchini Marekani. Haja yake ilikua pale pikipiki kubwa zilipoanza kupelekwa jangwani. Mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar yalianza Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979. Mwaka 1980 BMW ilitoa R 80 G/S, pikipiki yenye injini ya takriban sentimita za ujazo 800, na mwaka 1981 Hubert Auriol alishinda Paris–Dakar upande wa pikipiki akiendesha BMW. Injini ya pikipiki hiyo ni ya aina ya boksa: silinda zake mbili zimelala na kuchomoza kushoto na kulia, mbele ya miguu ya dereva. Katika kuanguka kokote silinda ndiyo hutangulia chini, na kwa sababu hiyo wenye pikipiki za boksa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutafuta vyuma vya kinga.

Tangu hapo makampuni kama Touratech, SW-Motech na Hepco & Becker ya Ujerumani na Givi ya Italia yameifanya bampa kuwa bidhaa ya kawaida. Safari za waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman, ya mwaka 2004 kuizunguka dunia na ya mwaka 2007 kutoka Uskoti hadi Cape Town kupitia Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, ziliwafanya watu wengi waione pikipiki ya safari kuwa ni lazima iwe na mabomba ubavuni. Kwa wasafiri wa njia ya Kairo hadi Cape Town wa wakati huo halikuwa pambo: barabara ya Moyale hadi Marsabit kaskazini mwa Kenya, kabla haijawekwa lami katika miaka ya 2010, ilijulikana kwa mawe na makorongo yaliyoangusha pikipiki na kuvunja shokapu.

Muundo

Bampa nyingi ni za mabomba ya feleji yenye kipenyo cha milimita 22 hadi 28. Zile za feleji ya kawaida hupakwa rangi ya unga inayookwa kwa joto; za feleji isiyoshika kutu ni ghali zaidi, lakini mkwaruzo hauziozeshi. Alumini hutumika mara chache kwa sababu bomba lake hulazimika kuwa nene ili lifikie nguvu ileile.

Bampa ya chini hulinda injini na kava zake. Ya juu hulinda rejeta, tangi na plastiki za ubavuni, na mara nyingi huunganishwa na ya chini. Ipi inahitajika hutegemea pikipiki: KTM 790 Adventure iliyotoka mwaka 2019 ina tangi linaloshuka pande zote mbili hadi karibu na miguu, wakati BMW R 1200 GS ya kuanzia 2013 na Africa Twin zina rejeta mbili, moja kila upande. Bampa ya pikipiki moja haifai kwa nyingine, hata zikifanana kwa macho.

Jambo muhimu kuliko unene wa bomba ni mahali linapofungwa. Nguvu ya kuanguka haipotei. Hupita kwenye bomba na kufika kwenye bolti, kisha kwenye fremu. Bampa iliyoshikwa sehemu moja tu huwa kama mtaimbo mrefu: ncha ikisukumwa na jiwe, shina huweza kung'oa sikio la fremu au kupasua kasha la injini, na hapo kinga imesababisha hasara kubwa kuliko ile iliyotaka kuzuia. Kwa hiyo bampa nzuri hushikwa sehemu tatu au zaidi kila upande, na huwa na bomba la kuunganisha kushoto na kulia ili upande ulioanguka usaidiwe na mwenzake. Bampa inatakiwa ipinde kabla fremu haijapinda. Iliyo ngumu kupita kiasi si sifa.

Namna ya kufunga

Kazi huchukua saa moja hadi tatu kwa mtu mwenye spana za kawaida, jeki na spana ya kupimia mkazo. Pikipiki husimamishwa wima kwenye stendi imara. Plastiki za ubavuni na sahani ya kukinga chini ya injini hutolewa ikiwa zinaziba sehemu za kufungia.

Kwenye pikipiki nyingi bampa hutumia bolti zilezile zinazoishika injini kwenye fremu. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Bolti hizo zikitolewa zote kwa pamoja, injini hushuka milimita chache na matundu hayalingani tena. Fundi mzoefu huweka jeki yenye kipande cha mbao chini ya injini, bila kuinua, ila kuishikilia tu, kisha hutoa bolti moja na kuweka mpya kabla ya kugusa ya pili. Bolti ndefu inayopita upande hadi upande hutolewa kwa kusukumwa na bolti mpya, ndefu zaidi, inayoingia nyuma yake, hivyo tundu halibaki wazi hata mara moja. Bolti za zamani haziwezi kutumika tena mahali hapo kwa kuwa unene wa bampa umeongezeka na nyuzi zinazoshika zimepungua.

Vipande vyote hufungwa kwanza kwa vidole tu. Mwenye haraka hukaza upande wa kwanza kabisa, halafu hukuta tundu la mwisho la upande wa pili limepishana kwa nusu sentimita. Mabomba yakiwa yamelegea yanaweza kusogezwa yakakaa vizuri. Pengo la milimita moja au mbili huvutwa kwa mkanda wa kufungia mizigo. Pengo kubwa zaidi ya hapo huonyesha kwamba kipande kimewekwa kinyume, bushi imesahaulika au bampa imepindishwa kiwandani. Kulilazimisha kwa mtaimbo huacha mkazo wa kudumu ambao, pamoja na mtikisiko wa injini, huleta ufa baada ya miezi kadhaa.

Kukaza huanzia kwenye bolti za injini, kisha za fremu, na bomba la kuunganisha huja mwisho. Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha pikipiki au cha mtengenezaji wa bampa. Kwa wastani bolti ya feleji ya daraja 8.8 yenye kipenyo cha milimita 8 hukazwa kwa takriban newtonmita 25, na ya milimita 10 karibu 50. Lakini bolti inayoingia kwenye nyuzi za alumini huhitaji uangalifu, maana nyuzi hizo hung'oka kabla bolti haijakatika. Tone la gundi ya nyuzi huzuia kulegea.

Kabla ya kuwasha injini usukani hugeuzwa hadi mwisho kushoto na kulia, na pedeli za gia na breki hukanyagwa kuona kama zinagusa bomba. Nyaya na mipira ya breki isibanwe, ekzosi isikaribiane na plastiki, na filta ya oili iweze kutolewa bila kufungua bampa nzima, jambo ambalo baadhi ya watengenezaji huonekana kulisahau. Bolti zote hukazwa tena baada ya kilomita mia chache.

Je, hulinda miguu?

Wanunuzi wengi huamini hivyo, lakini ushahidi ni dhaifu. Utafiti maarufu ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa mwaka 1981, ulichunguza zaidi ya ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Uligundua kwamba bampa zilipunguza majeraha ya kifundo na unyayo, lakini majeraha ya paja, goti na muundi yaliongezeka kwa kiasi kilichofuta faida hiyo. Katika mgongano wa kasi mwili wa dereva hauendi pamoja na pikipiki. Husogea mbele, na mguu huweza kulikuta bomba njiani. Bampa basi ni kinga ya mashine katika kuanguka polepole, na haichukui nafasi ya buti na kinga za magoti.

Bodaboda

Katika Afrika Mashariki bampa inayoonekana zaidi ni ya pikipiki ndogo za abiria. Nyingine huja na pikipiki kutoka kiwandani, nyingine hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea mitaani kwa bomba au nondo. Humo huegemezwa miguu na hufungwa madumu na magunia, matumizi ambayo huilegeza taratibu. Kuchomelea bampa moja kwa moja kwenye fremu ni kosa: joto hudhoofisha chuma kilicho karibu na mshono, na bampa iliyopinda haiwezi kubadilishwa bila kukata. Iwapo kuna chochote cha kuchomelea, kipande hutolewa kwenye pikipiki kwanza. Kwenye pikipiki yenye kompyuta ya injini, umeme wa kuchomelea unaweza kuiunguza.

Baada ya kuanguka

Bampa iliyopiga chini hukaguliwa hata kama inaonekana nzima. Rangi iliyobanduka kwa mstari mwembamba karibu na mshono ni dalili ya ufa. Bolti zilizopinda hubadilishwa, na nafasi kati ya bomba na kava ya injini hupimwa upya, kwa kuwa bomba lililosukumwa ndani likagusa kava ndilo litakalolipasua katika anguko linalofuata. Bomba lililopinda likinyooshwa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Wasafiri hulinyoosha ili wafike, kisha hununua jingine.