Karatasi Zilizofika Bethel

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi habari ya kazi moja isiyotajwa mara nyingi mimbarini. Ni kazi ya kumtunza mtu mzima ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili wake. Mtoto mchanga akioshwa na kulishwa, kila apitaye hutabasamu. Lakini mtu wa miaka arobaini, mwenye ndevu, akioshwa na kulishwa, wageni hugeuza macho, na amtunzaye hubaki peke yake na beseni lake la maji. Wengi wenu mwaijua kazi hiyo kuliko sisi tunaosema, maana mwaifanya nyumbani mwenu, bila mshahara wala likizo.

Basi, twende Ujerumani, karibu na mji wa Bielefeld. Huko, mwaka 1867, Wakristo Waprotestanti walifungua nyumba ya wagonjwa wa kifafa, na baadaye wakapokelewa pia watu wenye upungufu wa akili. Mwaka 1872 akaja kuiongoza mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Yeye na mkewe walikuwa wamezika watoto wao wanne katika muda wa majuma mawili tu, Januari 1869, kwa ugonjwa wa kifaduro. Mtu wa namna hiyo hasemi na mzazi mwenye huzuni kama asemavyo aliyesoma habari za huzuni kitabuni.

Mahali hapo paliitwa Bethel, nyumba ya Mungu, na nyumba nyingine zikapewa majina ya Biblia: Ebenezeri, Sarepta, Nazareti. Walezi walikuwa mashemasi wa kike wa Sarepta, na tangu mwaka 1877 mashemasi wa kiume wa Nazareti. Wale wa kike hawakupokea mshahara. Walipewa chakula, nguo na fedha kidogo ya mkononi, na walipozeeka walitunzwa na nyumba yao. Walikaa pamoja na wagonjwa katika nyumba zile zile, usiku na mchana. Ndiyo sababu walijua mambo ambayo daktari apitaye mara moja hawezi kuyajua: nani huogopa radi, nani hukataa kula mpaka kijiko chake mwenyewe kiletwe.

Tena mzee Bodelschwingh hakupenda watu wake wakae bure. Kila mtu alitafutiwa kazi ya kiasi chake, shambani au katika karakana. Katika miaka ya 1890 wakaanza kukusanya nguo kuukuu, viatu na vyombo vilivyotupwa, wagonjwa wakavichagua na kuvitengeneza. Kazi hiyo waliipa jina kutoka Yohana sura ya 6, pale Bwana alipoagiza vipande vya mikate vikusanywe. Hata upande wetu wa Afrika mkono wa Bethel ulifika. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo kilichofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani kilianza mwaka 1904 kuwapokea wagonjwa wa akili, na mashemasi wa Bethel walitumika hapo.

Mzee alifariki mwaka 1910, na kazi ikashikwa na mwanawe, Fritz, mchungaji kama baba yake. Hapo ndipo habari yetu inapokuwa nzito, wala hatutaki kuifanya nyepesi. Serikali ya Hitler ilitoa sheria mwaka 1933, ikaanza kutumika Januari 1934, kwamba watu wa namna hii wafanyiwe upasuaji ili wasizae. Bethel ilitii. Watu wengi walipasuliwa hapo hapo, katika nyumba zenye majina ya Biblia.

Kisha mwaka 1940 zikafika karatasi, moja kwa kila mgonjwa. Karatasi iliuliza: Mtu huyu ana ugonjwa gani? Amekaa hapo miaka mingapi? Ni wa asili gani? Ndugu zake huja kumtazama? Aweza kufanya kazi gani? Haikuuliza kama hupenda kuimba, wala usiku akiogopa humwita nani. Waliohesabiwa kuwa hawana faida walichukuliwa kwa mabasi na kuuawa kwa gesi. Hata Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa hivyo. Angalieni jinsi kazi, ambayo mzee aliitoa kama zawadi, ilivyogeuzwa kuwa mizani. (Nasi kanisani, tukimwona mtu wa namna hii, swali letu la kwanza huwa lipi?)

Mchungaji Fritz alikataa kuzijaza karatasi hizo. Rafiki yake, mchungaji Paul Gerhard Braune, aliyeongoza vituo vya Lobetal karibu na Berlin, aliandika barua ndefu ya kupinga mauaji hayo mwezi wa Julai 1940. Mwezi uliofuata alitiwa kifungoni. Februari 1941 serikali ilituma madaktari wake Bethel wazijaze wenyewe, na madaktari wa Bethel walikuwa wamekwisha kuwapanga wagonjwa kwa makundi kabla hao hawajafika. Wakati huo Karl Brandt, daktari wa Hitler, alizungumza na mchungaji. Husimuliwa kwamba alipoambiwa kuwa wako watu wasioweza tena kushirikiana na mwanadamu mwingine, mchungaji alijibu kuwa ushirika una pande mbili, lazima kujiuliza kama mimi naweza kushirikiana na huyu. Naye mwenyewe hajakutana bado na mtu asiyeweza. Jibu hilo halitoki katika vitabu. Hutoka kwa watu waliokaa miaka mingi wakingojea kijiko kile kiletwe.

Lakini turudi nyuma miezi mitano. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1940 ndege za Uingereza ziliangusha mabomu Bethel, watoto wagonjwa wakafa. Magazeti ya serikali yalipiga kelele kuu juu ya mauaji ya watoto wa Bethel, huku serikali hiyo hiyo ikiwaua wagonjwa kama hao kwingineko. Tena likaja agizo kwamba wagonjwa walio Wayahudi watolewe. Baadhi yao walichukuliwa na ndugu zao. Waliobaki walitolewa.

Agosti 1941 Hitler aliamuru mauaji ya gesi yasimame, ingawa katika hospitali nyingine watu waliendelea kuuawa kwa njaa na kwa dawa. Wengi wa watu wa Bethel walikuwa bado mezani pao. Wayahudi waliotolewa Septemba hawakurudi.