Makao ya Asiye na Kwao: Historia ya Kukaa na Kukaribishwa Kisiwani Pemba

Neno "kwao" ni dogo katika lugha yetu, lakini limebeba mambo mazito. Mtu mgeni akifika kijijini hapa Pemba haulizwi kwanza nyumba yake ni ya namna gani, huulizwa, "Kwenu wapi?" Na anapotajwa mtu aliyepungukiwa kupita wote, husemwa kwamba hana mbele wala nyuma. Katika insha hii tumekusudia kueleza habari za watu waliokuwa hawana kwao katika kisiwa hiki, tangu zama za utumwa hadi zama zetu, na namna walivyopokewa au walivyokataliwa. Habari hizi ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma na mashairi, kwani utamaduni wa watu hupimwa pia kwa jinsi wanavyomtendea asiye na pahala pa kulaza ubavu.

Yafaa kwanza tufahamu nyumba ilikuwa kitu gani kwa wazee wetu. Nyumba ya shamba ilijengwa kwa vitu vilivyokuwa karibu: miti ya mikoko kutoka pwani, fito, kamba, udongo na makuti. Majirani walikusanyika, wanaume wakasimamisha nguzo na kufunga fito, wanawake wakachota maji na kuukanyaga udongo, kisha wote wakakandika. Mwenye nyumba alipika chakula, na zamu yake ya kuwasaidia wenziwe ilikuwa inamngoja. Kwa hivyo kuta na paa havikuwa vitu adimu. Kilichokuwa adimu ni ardhi ya kusimamishia kuta hizo, na idhini ya watu walioizunguka.

Katika kiambo, aliyezaliwa katika ukoo alikuwa na haki ya kujenga bila ya kumwomba mtu, maana haki hiyo aliikuta. Mgeni alihitaji ruhusa ya wazee. Tena iko kanuni moja inayopaswa kukumbukwa: kwetu mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili mbalimbali. Aliyepanda mnazi au mkarafuu ni wake, hata kama ardhi ni ya mwengine. Ndiyo maana mwenye shamba aliweza kumwachia mgeni alime muhogo na viazi kwa miaka mingi, lakini hakupenda apande mti wa kudumu. Muhogo hung'olewa ukaisha. Mti hubaki, nao ni shahidi wa aliyeupanda. Mtu aliyekatazwa kupanda mti alikuwa ameambiwa, kwa adabu, kwamba hapa si kwao.

Lugha yetu imezitenga hali hizi mbili. Pahala wanapokaa wavuvi au wachumaji wa karafuu kwa msimu huitwa dago, na pahala pa kuzaliana na kuzikana huitwa kiambo. Historia tunayoisimulia ni ya watu waliotiwa katika dago kwa nguvu, wakataka kulifanya kiambo.

Kilimo cha karafuu kilienea visiwani katika karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, nayo Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi. Kazi hiyo ilihitaji mikono, na mikono ilinunuliwa. Mwaka 1873 biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku, lakini ghuba na mikono ya bahari ya Pemba ni mingi, na majahazi yaliendelea kushusha watu kwa siri. Walioletwa walitoka bara, wengine mbali hadi nchi za Ziwa Nyasa. Walikuwa na kwao, walitolewa huko.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa isitambuliwe tena na sheria. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani kuuomba, na mmiliki aliyethibitisha hasara aliweza kulipwa fidia. Lakini amri hiyo ilikuwa na sharti ambalo halisimuliwi sana. Aliyepewa uhuru alilazimika kuonesha kwamba anayo makao maalumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, angehesabiwa kuwa mzururaji. Na kama makao yake yalikuwa katika ardhi ya mwengine, basi alipe kodi kama watakavyopatana, kwa kazi au kwa mazao.

Msomaji na alitafakari jambo hilo. Mtu ameondolewa kwao akiwa mtoto, amelima shamba la mwengine umri wake wote, na siku anayoambiwa kuwa ni huru anaulizwa, "Makao yako wapi?" Ardhi aliyoijua ilikuwa ya bwana wake. Kwa hivyo wengi hawakwenda mahakamani kabisa, bali walipatana na mabwana zao wakabaki pale pale, wakifanya kazi siku kadhaa kila juma kuwa ndiyo kodi ya kibanda na konde ya muhogo.

Mzigo huo haukuwaangukia wote sawasawa. Kijana mwenye nguvu aliweza kuondoka, akachuma karafuu kwa ujira, na baadhi yao wakajinunulia vishamba vidogo. Lakini tumfikirie bibi aliyezeeka katika utumwa, asiye na mtoto wala ndugu. Mahakama iliweza kumpa cheti cha uhuru. Haikuweza kumpa mtu wa kumtekea maji. Masuria nao hawakuingizwa katika amri ya 1897. Walipopewa haki ya kuondoka mwaka 1909, aliyetoka bila ya ridhaa ya bwana wake alipoteza haki ya kulea watoto aliozaa naye. Huyo alitakiwa achague uhuru au nyumba yenye wanawe. Mizani ya namna hiyo haina upande mwepesi.

Watu hao walipataje makao? Njia zilikuwa kadhaa. Ya kwanza ni wakfu. Baadhi ya wenye mali, hata kabla ya 1897, waliacha ardhi au nyumba kuwa wakfu kwa mahuru wao na vizazi vyao, isiuzwe wala isirithiwe na mwengine. Ya pili ni walaa, yaani fungamano la sheria ya Kiislamu baina ya aliyeachwa huru na aliyemwacha. Fungamano hilo lilimpa mnyonge pahala pa kujinasibisha, ingawa mara nyingine lilimpa bwana haki ya kurithi mali aliyoichuma huru wake. Ya tatu ni misheni: mwaka 1897 Wakristo wa jamii ya Marafiki kutoka Uingereza walinunua shamba la Banani, karibu na Chake Chake, na chini ya uongozi wa Theodore Burtt likawa pahala pa kukaa na kufanya kazi kwa walioachwa huru. Walipata hifadhi na ujira, nao wakatakiwa kufuata kanuni za misheni katika mwenendo wao.

Njia ya nne haikuandikwa katika daftari la serikali, nayo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Ni udugu wa kutengenezwa. Watu walioana, wakawa masomo na makungwi wa watoto wa jirani, wakaswali katika safu moja, wakazikana. Baada ya vizazi viwili au vitatu lile swali la "Kwenu wapi?" lilipata jibu fupi: "Hapa."

Katika utoto wetu tulimjua mzee mmoja aliyekuja kutoka bara kuchuma karafuu, akakaa dago msimu baada ya msimu, kisha asirudi kwao. Jirani mmoja alimpa pembe ya kiwanja chake, na watu wa mtaa wakamsimamishia kibanda. Alisuka pakacha na kuwatibu watoto vidonda kwa majani, nao wakamwita babu. Alipofariki, kijana mmoja aliuliza maiti atazikwa na nani, kwa kuwa hakuwa na ukoo. Wazee hawakumjibu, walimpa jembe akachimbe kaburi pamoja na wenziwe, penye makaburi ya wazee wao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huidhani methali hii kuwa ya kumfukuza mgeni. Sisi tunaona kwamba anayepewa jembe amepewa na konde ya kulima, na anayelima amekwisha kuwa mwenyeji.

Hata hivyo, makao yanayotegemea hisani ya mtu mmoja ni makao ya wasiwasi. Hayo yalionekana baina ya mwaka 1957 na 1961, zama za siasa, ambapo katika visiwa vyetu, na zaidi Unguja, baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza watu waliokaa katika ardhi zao kwa sababu ya tofauti za vyama. Familia zilizolima pahala pamoja kwa miaka mingi zilijikuta njiani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma, na tangu 1965 maelfu ya familia yakagawiwa eka tatu tatu. Nyumba za maendeleo nazo zikajengwa Unguja na Pemba. Waliokuwa hawana pa kupanda mti wakapata. Wapo pia waliopoteza mashamba ya wazee wao, na nyumba kadhaa zina simulizi zake kuhusu miaka hiyo. Mwandishi wa historia hana budi kuzisikia zote.

Leo serikali ina makao ya wazee Limbani, Wete, na tangu Aprili 2016 wazee waliotimia miaka 70 hulipwa pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hayo ni mambo ya kushukuriwa. Lakini asiye na kwao angali yupo mitaani mwetu. Ni mzee ambaye wanawe wamehamia Unguja, Dar es Salaam au Uarabuni, na makuti yake yamechakaa. Ni mwanamke aliyeachwa, ambaye alikandika kuta za nyumba kwa mikono yake, lakini kiwanja ni cha ukoo wa mume. Hutoka na wanawe na kitanda, na kama wazazi wake wamekwisha kufa, huhama kutoka baraza hii hadi baraza ile. Huyo hahesabiwi kuwa hana makao, kwa sababu kila usiku analala chini ya paa la mtu.

Tunayo dawa, nayo imo katika mila zetu wenyewe. Sheha na wazee wa kila shehia na wajue nani analala wapi na kwa ridhaa ya nani. Wenye ardhi ya ziada na watoe ruhusa ya kukaa kwa maandishi na mbele ya mashahidi, ili mjane asitolewe siku mwenye hisani anapofariki. Wenye uwezo na wafufue wakfu wa nyumba kwa wasiojiweza, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa ajili ya kuusimamia. Na ujima wa kujenga urudi: baada ya sala ya Ijumaa, watu ishirini na miti yao waweza kumaliza kazi ambayo mtu mmoja ataiomba mwaka mzima.

Amri ya 1897 ilimtaka mnyonge athibitishe kwamba anayo makao. Historia ya Pemba inatufunza kuligeuza swali hilo na kujiuliza sisi wenye makao: katika mtaa wetu, nani bado hajapewa jembe?