Vibali vya Kazi na Ukaazi kwa Wageni: Yampasayo Mwajiri wa Mwambao wa Ziwa Nyasa

Lituhi ni kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, kando ya Ziwa Nyasa na karibu na mdomo wa Mto Ruhuhu. Magharibi, ng'ambo ya maji, ipo Malawi; ukifuata mwambao kuelekea kusini utafika Msumbiji. Barabara itokayo Kitai inaiunganisha kata hiyo na eneo la makaa ya mawe la Ngaka, wilayani Mbinga. Mahali kama hapa mgeni anaweza kuja kama fundi wa mitambo, mtumishi wa dini au mvuvi. Kazi hizo hazifanani, lakini sheria inauliza swali moja kwa wote: je, mtu huyu ana vibali?

Vibali viwili, mamlaka mbili

Asiye raia anayeajiriwa Tanzania Bara anahitaji vibali viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Na. 1 ya mwaka 2015. Kabla ya sheria hiyo, ruhusa za kazi zilitolewa na taasisi zaidi ya moja. Sasa mamlaka hayo yamewekwa mahali pamoja. Cha pili ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995.

Kibali cha kazi hutangulia, kisha cha ukaazi hufuata. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kibali cha kazi kina madaraja matano. Daraja A ni la wawekezaji. B ni la taaluma zilizoainishwa. C ni la taaluma nyingine. D ni la shughuli za dini na hisani zilizosajiliwa. Na E ni la wakimbizi. Vibali vya ukaazi navyo vina madaraja A, B na C, ila maana zake ni tofauti. Mwekezaji hupewa A na mwajiriwa hupewa B, huku wamisionari, wanafunzi na watafiti wakiwa miongoni mwa wanaopewa C. Hivyo mtumishi wa dini anaweza kuwa na kibali cha kazi cha Daraja D na cha ukaazi cha Daraja C bila kuwapo kosa lolote.

Wajibu wa mwajiri

Sheria haimzuii mwajiri kumchukua mgeni. Inamtaka aoneshe kwanza kwamba amemtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo na hakumpata, na kwamba anao mpango wa kumwandaa raia atakayerithi nafasi hiyo. Kwa kijana wa Mbinga au Nyasa aliyehitimu ufundi, hicho ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote: nafasi ya mgeni ni ya muda, na ujuzi wake unapaswa kubaki nchini.

Kibali hutolewa kwa mwajiri na kazi iliyotajwa ndani yake. Mgeni akihamia kwa mwajiri mwingine, ruhusa ya awali haimfuati.

Kuingia nchini si ruhusa ya kufanya kazi

Raia wa Malawi na Msumbiji hawahitaji viza kuingia Tanzania. Jambo hilo huwachanganya wengi. Msamaha wa viza unamwezesha mtu kutembelea ndugu au kuhudhuria msiba, haumruhusu kuajiriwa. Vilevile, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haizihusu nchi hizo mbili, kwa kuwa si wanachama wa Jumuiya hiyo.

Familia nyingi za mwambao zina ndugu pande zote za ziwa, na mwenye mtumbwi huona ni jambo la kawaida kumwita mpwa wake wa ng'ambo aje kuvuta nyavu kwa msimu. Hata hivyo, undugu si uraia. Akimlipa ujira bila kibali, mwenye mtumbwi na mpwa wake wote wamevunja sheria, na mpwa anaweza kuondoshwa nchini.

Biashara walizozuiwa wasio raia

Kwa Amri iliyotangazwa Julai 2025, wasio raia wamezuiwa kufanya biashara za aina 15. Miongoni mwake ni uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani, jambo linalowagusa moja kwa moja wakulima wa kahawa wa Mbinga. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali. Raia anayemsaidia, kwa mfano kwa kumwazima jina, naye anatenda kosa.

Nafasi ya wakili

Mwombaji halazimiki kuwa na wakili. Maombi huwasilishwa kwa njia ya kielektroniki na ada hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Wakili husaidia pale jambo linapokuwa zito: kuainisha daraja sahihi, kupitia mkataba wa ajira, kuthibitisha nakala za vyeti, kuandaa rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi endapo Kamishna amekataa ombi, na kumtetea mteja mahakamani. Wakili hatoi kibali, wala hana uwezo wa kuahidi kwamba kitatolewa.

Hapo ndipo mwananchi atamtofautisha wakili na kishoka. Wakili ameandikishwa, ana leseni hai ya uwakili na hutoa stakabadhi. Kishoka huomba fedha mkononi na kuleta karatasi ambayo mamlaka haziitambui. Kibali cha kughushi hakimlindi mgeni wala mwajiri, hata kama walilipa kwa nia njema.

Kwa asiyemudu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huelimisha na kuelekeza bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili.

Mwajiri anashauriwa kuanza taratibu kabla mgeni hajaanza kazi, kutunza nakala za vibali mahali pa kazi, na kuomba kuhuisha kabla muda haujaisha. Mwananchi mwenye shaka afike ofisi ya uhamiaji au ofisi ya kazi iliyo karibu naye kupata ufafanuzi kabla ya kutoa fedha kwa mtu yeyote.