Nguo ya Krismasi, Nguo ya Idi, Nguo ya Ngoma

Desemba mkoani Dodoma ni mwezi wa jembe. Mvua huku ni ya msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, hukoma Aprili, na kwa mwaka mzima mara nyingi haizidi milimita 600. Mkulima wa Bahi au Mvumi akizikosa siku za kupanda mtama na uwele, ndiyo basi. Krismasi humkuta ghala likielekea sakafuni, fedha imeishia kwenye mbegu, na watoto wanaulizia nguo mpya. Kila mwaka ni vivyo hivyo, kwa kuwa tarehe 25 haihami.

Idi huhama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku 11 hivi, kwa hiyo sikukuu huzunguka misimu yote. Idi el-Fitri ya Desemba 2000 ilikuja siku chache tu baada ya Krismasi, ila ya 2021 ilikuwa Mei, mavuno yakiingia nyumbani. Familia ya Kondoa iliyobanwa mwaka huu inajua zamu ya neema itafika. Na mafundisho yenyewe hayamkandamizi mtu: oga, jipake manukato, vaa kizuri kuliko vyote ulivyo navyo. Ulivyo navyo! Kanzu ya miaka mitatu, ikifuliwa na kupigwa pasi, inaingia Msikiti wa Gaddafi mjini Dodoma bila swali. Tena zaka ya Fitri hutolewa kabla ya swala, ili maskini naye aifikie asubuhi ile akiwa na chakula.

Kanisa nalo halijaagiza nguo mpya. Wamisionari wa shirika la CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Injili waliyoihubiri inasimulia mtoto aliyevikwa vitambaa tu. Upya umeletwa na desturi, na desturi hii ina gharama. Wiki ya mwisho fundi cherehani amezidiwa, kitenge kinakatwa haraka, gauni linabana kwapani, na kufika Pasaka mtoto amelipita kimo. Tangu 2016, serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, zimeongezeka pia sherehe za ofisi za kufunga mwaka, na sare ya kitenge huchangiwa hata na mhudumu wa mshahara mdogo. Naona ni uonevu kumdai sare mtu aliyealikwa kufurahi.

Kipimo cha nguo ya sikukuu ninachokiamini zaidi kiko kwenye ngoma za Wagogo baada ya mavuno. Mtazame mwanamke anayepiga ngoma ya muheme. Ngoma ameibana katikati ya mapaja, mikono inashuka kwa zamu, mwili mzima unafuata mdundo. Nguo yake imefungwa ikakaza kiunoni, ila magoti yamepewa nafasi. Legevu ingemvuka, na ya kubana isingemruhusu hata kuishika ngoma. Wachezaji wenzake wana ushanga kifuani, na mabega yakitikiswa ushanga huruka na kurudi, nao unacheza. Hapo hakuna anayeuliza vazi lilinunuliwa lini. Linaulizwa kama linaweza kazi ya furaha, na kama linamfananisha mtu na wenzake bila kumwaibisha.

Magauni mengi ya Krismasi yangeshindwa mtihani huo, na hata baadhi ya nguo za Idi. Doti ya khanga ingefaulu: ikivaliwa sikukuu, kesho yake itabeba mtoto shambani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwaka huu nunua mbegu kwanza. Kikibaki kitu, mpelekee fundi kitambaa Novemba, kabla foleni haijaanza, umwambie aache pindo refu la kushushwa mwakani na nafasi ya mabega kutikisika. Kisipobaki kitu, nguo ya mwaka jana ifuliwe, ipigwe pasi, na mtoto aende kanisani na wenzake.