Udongo wa Compton

Wengi wanaofika Compton, kijiji cha Surrey kusini-magharibi mwa London, huwa wamemfuata bwana. George Frederic Watts alivuma enzi za Malkia Victoria kwa picha na sanamu zake. Mara mbili alipewa cheo cha ubaroneti, mara mbili akakikataa. Katika jumba la sanaa la Watts Gallery bado yupo farasi wake mkubwa wa plasta, na mpandaji mgongoni. Nakala zake za shaba nyeusi zimesimama Kensington Gardens na Cape Town, kwenye ukumbusho wa Cecil Rhodes.

Kazi ya bibi iko nje, makaburini.

Mary Fraser Tytler, msanii aliyelelewa Scotland, aliolewa na Watts mwaka 1886. Yeye alikuwa na miaka 36, bwana 69. Miaka michache baadaye wakajenga nyumba Compton, wakaiita Limnerslease, na kwenye uwanja wake ukapatikana udongo mzuri wa kufinyangia. Kijiji nacho kilikuwa kimepata eneo jipya la kuzikia. Mary akajitolea kulijengea kanisa dogo, kisha akafungua darasa la jioni na kuwafundisha majirani ufinyanzi. Zaidi ya wanakijiji 70 walishiriki. Walifinyanga malaika, ndege na mizabibu, wakachoma vigae vikatoka vyekundu kama kutu. Gharama alizibeba mumewe, aliyeendelea kuchora sura za watu kwa malipo ili fedha zipatikane.

Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1898, lakini ndani kulikuwa bado. Mary aliendelea hadi 1904, akizifunika kuta kwa malaika wa plasta na rangi, nyekundu, kijani na dhahabu, bila kuacha upenyo.

Darasa lile likazaa chama cha wafinyanzi kilichouza vyungu vya bustani na mawe ya makaburi. Hata jumba la sanaa lilijengwa pamoja na malazi ya vijana waliokuwa wakijifunza kazi hiyo. Lilifunguliwa Aprili 1904. Julai 1, Watts akafariki.

Mary aliishi miaka 34 zaidi, akilitunza jumba na kukiendesha chama. Mwaka 1938 naye alizikwa Compton, kwenye makaburi yale yale. Wanakijiji bado huyatumia, na kanisa la vigae vyekundu bado linapokea majeneza yao.